Hija ya Miguu na Jumuiya: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Tangazo la hija likishasomwa tu, maswali huanza. Mengine huulizwa mbele ya watu wote, mengine pembeni, kwa sauti ya chini, muulizaji akitazama chini. Hayo ya pembeni ndiyo tuliyoyapa nafasi kubwa hapa, kwa sababu ndiyo yanayowafanya watu wakate tamaa kabla hata ya kufunga kamba za viatu. Majibu hayahusu njia moja. Yanamfaa yeyote anayefikiria kutembea siku tatu, tisa au thelathini na Wakristo wenzake kuelekea mahali patakatifu.

Hija si ni neno la Waislamu?

Neno limetufikia kwa Kiarabu, kama maneno mengine mengi tunayoyatumia kusali kila siku bila kujiuliza. Lina ndugu yake katika Kiebrania, *hag*, yaani sikukuu, na ndilo linalotumika katika Agano la Kale pale Waisraeli wanapoagizwa kuhudhuria mbele za Bwana mara tatu kwa mwaka. Zaburi ya 120 hadi ya 134, zote 15, zina kichwa cha "wimbo wa kupanda", na kwa desturi huhesabiwa kuwa nyimbo za watu waliokuwa njiani kwenda Yerusalemu. Wakristo nao hawakuchelewa: miaka ya 380 mwanamke mmoja aitwaye Egeria alisafiri hadi Nchi Takatifu, akapanda Mlima Sinai kwa miguu, na kuwaandikia wenzake wa nyumbani barua ndefu ya aliyoyaona. Mtu akikuuliza, mwambie hija tunayo siku nyingi.

Ina tofauti gani na matembezi ya kawaida?

Mguuni, hakuna. Lengelenge la hujaji linauma sawasawa na la mtalii. Tofauti iko kwenye nia. Mtalii njia ikimchosha ataibadilisha. Hujaji amekwisha kuahidi mahali pa kufika na mtu au jambo analolibeba kwenda nalo. Ndiyo maana usiku wa kuamkia safari tunaomba kila mtu aandike nia yake kwenye karatasi, hata kama hataisoma kwa yeyote. Siku ya tatu, saa nane mchana, jua likiwa utosini, karatasi ile ina kazi kuliko kauli zote nzuri tulizosema wakati wa kuaga.

Kwa nini nitembee na kundi? Mimi napenda kuwa peke yangu na Mungu.

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu nililiuliza mwenyewe. Nilitaka ukimya. Nilichopewa ni mzee wa goti bovu aliyetembea mbele yangu kwa mwendo wa konokono, akisimama kila baada ya dakika chache kuonyesha ndege. Nilikasirika hadi adhuhuri. Baadaye kidogo nikagundua kwamba sikuwa nimeona ndege hata mmoja tangu tuanze.

Kundi letu lina kanuni moja isiyojadiliwa: mwendo ni wa yule wa mwisho. Mtu mzima mwenye afya, akiwa peke yake kwenye tambarare, hutembea kilomita 4 hadi 5 kwa saa. Kundi la watu 40, pamoja na kusubiriana, kunywa maji na kurekebisha mizigo, litafanya 3, na siku ya vilima hata hazifiki. Ukija na hesabu zako za mwendo wako mwenyewe utateseka, tena utawatesa wenzako.

Ukitaka upweke, utaupata ndani ya kundi. Kuna saa za kutembea kimya kila asubuhi, na hakuna atakayekuuliza kwa nini unalia. Usichoweza kupata ukiwa peke yako ni kubebewa begi na mtu usiyemjua vizuri. Kusaidia wengine ni rahisi, sote tunapenda. Kusaidiwa ndiko kunakotushinda, na njia ndefu itakufikisha hapo upende usipende.

Tunatembea umbali gani kwa siku?

Kati ya kilomita 20 na 25. Siku ya kwanza tunaifanya fupi kwa makusudi, na watu hulalamika kwamba imekuwa fupi. Siku ya nne huwa hawalalamiki tena.

Urefu wa jumla hutegemea njia. Hija ya Pentekoste kutoka Paris hadi Chartres, Ufaransa, ni kama kilomita 100 kwa siku tatu, mwendo wa kuheshimiwa. Kutoka Warsaw hadi Częstochowa huko Poland, hija inayofanyika tangu 1711, watu huondoka tarehe 6 Agosti na kufika tarehe 14, mkesha wa Kupalizwa Mbinguni kwa Maria. Njia ya Kifaransa ya kwenda Santiago de Compostela huko Hispania, kuanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, ni kama kilomita 780, na wengi huitembea kwa wiki tano hivi. Kwa Namugongo, Uganda, hakuna umbali mmoja: kuelekea tarehe 3 Juni mahujaji huingia kwa miguu kutoka kila upande, wengine kutoka nchi jirani, wakiwa wametembea siku nyingi, kuwakumbuka mashahidi waliochomwa moto pale mwaka 1886.

Kama ni mara yako ya kwanza, chagua siku tatu hadi tano. Na usisahau kwamba wale wanafunzi wawili wa Yesu waliokwenda Emau walitembea kilomita kama 11 tu.

Sijawahi kutembea zaidi ya kwenda kituo cha basi. Nitaweza?

Utaweza, ukianza mapema. Jipe wiki 8 hadi 12. Anza na saa moja, mara tatu kwa wiki, kisha uongeze polepole hadi uweze kutembea saa nne au tano bila kuugua kesho yake. Jambo ambalo wengi hulisahau ni siku mbili mfululizo: mwili hauangushwi na kilomita 20 za Jumamosi, unaangushwa na za Jumapili, baada ya misuli kukaza. Kabla ya safari fanya hivyo angalau mara mbili, ukiwa na viatu vile vile, soksi zile zile na begi lenye uzito ule ule.

Fanya mazoezi ya kushuka pia. Kupanda kunachosha pumzi, lakini kushuka ndiko kunakoumiza magoti na kung'oa kucha za vidole gumba.

Mwenye kisukari, ugonjwa wa moyo, pumu, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni aongee na daktari kabla ya kujiandikisha, kisha amwambie kiongozi. Hatutakufukuza. Tunataka tu kujua dawa ziko mfuko gani.

Nivae viatu gani? Na malengelenge je?

Viatu ulivyokwisha kuvizoea. Kila mwaka kuna mtu anayenunua viatu vipya kwa heshima ya safari, vizuri mno, na kila mwaka mtu huyo anamaliza akiwa na kandambili. Si lazima viwe buti nzito za mlimani. Kwenye barabara na njia za kawaida viatu vyepesi vyenye soli imara vinatosha. Viwe na nafasi: miguu huvimba ikitembea kutwa, kwa hiyo jaribu kiatu jioni, ukiwa na soksi, na mbele ya vidole kubaki upana wa kidole gumba cha mkono.

Lengelenge linaletwa na vitu vitatu vikikutana: joto, unyevu na msuguano. Ondoa kimoja na utakuwa umelipunguza. Soksi za pamba hunyonya jasho na kubaki nalo, hivyo bora za sufu nyepesi au za nyuzi zinazokauka haraka. Wengine huvaa soksi mbili, nyembamba ndani, nene nje, zisuguane zenyewe badala ya kusugua ngozi. Wengine hupaka mafuta ya mgando katikati ya vidole kila asubuhi. Kwenye kila mapumziko marefu vua viatu, miguu ipate hewa. Kata kucha siku chache kabla ya safari, si asubuhi ya kuondoka.

Ukihisi moto sehemu moja ya mguu, simama. Papo hapo. Usingoje mapumziko, usione aibu kuwasimamisha watu 40. Kubandika plasta wakati ngozi bado nzima kunachukua dakika mbili. Kungoja saa moja zaidi kunaweza kukugharimu safari. Watu wapole ndio wanaoumia zaidi hapa. Wanaona haya kusumbua, na jioni wanavua soksi yenye damu.

Lengelenge dogo lisilouma liache, lifunike. Kubwa linalouma litobolewe pembeni kwa sindano safi iliyotakaswa, maji yatoke, ngozi ya juu ibaki palepale, kisha lifungwe. Ngozi hiyo usiikate, ni bandeji uliyopewa bure. Mwenye kisukari asijitoboe kabisa. Aje kwa mhudumu wa afya.

Nibebe nini?

Punguza. Begi la mgongoni lisizidi sehemu ya kumi ya uzito wako. Nguo ulizovaa, jozi moja ya kubadili, soksi jozi tatu, koti la mvua, kofia, taa ndogo, mfuko wa kulalia, dawa zako, sabuni, chupa ya maji, sahani na kijiko. Biblia ndogo au kitabu cha sala, si vyote viwili. Tandaza kila kitu sakafuni usiku, ondoa theluthi, ulale. Asubuhi ondoa kimoja kingine.

Uzito wa begi ukae kiunoni kwa mkanda, si mabegani.

Maji kiasi gani?

Kama nusu lita kwa saa kwenye hali ya hewa ya wastani, zaidi kwenye joto, kidogokidogo. Kunywa maji mengi mno bila chumvi yoyote kunaweza kushusha sodiamu mwilini na kukuletea kichefuchefu, kuumwa kichwa na kuchanganyikiwa, na ni rahisi kudhani ni ukosefu wa maji ukazidi kunywa. Kula kitu chenye chumvi kwenye kila mapumziko.

Choo je?

Swali la kwanza la pembeni, na lina haki ya kujibiwa wazi. Waandaaji hupita njia yote kabla na kuweka alama vilipo vyoo: parokia, shule, vituo vya mafuta. Kati ya kimoja na kingine hapazidi saa mbili. Penye pori, wanaume huenda upande mmoja wa njia na wanawake wa pili, kwa wawiliwawili, na anayefunga msafara haondoki hadi wote warudi. Beba karatasi na mfuko wa kurudishia taka. Wanawake walio katika siku zao wawe na vifaa vya kutosha tangu mwanzo. Gari la msaada lina akiba, na iko kwa mama anayejulikana, hakuna haja ya kumwomba dereva.

Tutalala wapi?

Kumbi za parokia, madarasa, mara nyingine kwenye nyumba za waumini wanaotupokea. Kwenye njia kubwa kuna nyumba maalumu za mahujaji. Kutakuwa na mkoromaji. Ukidai hakuna, basi ni wewe. Leta vizibo vya masikio, na usimwamshe mtu usiku kumwambia anakoroma, maana kesho atakuwa hajalala yeye wala wewe.

Mwenyeji akikupa kitanda chake mwenyewe, kipokee. Kukikataa mara tatu kwa unyenyekevu kunamchosha tu.

Siku inakwendaje?

Tunaamka saa kumi na moja alfajiri. Sala ya asubuhi, kifungua kinywa, mizigo kwenye gari, na saa kumi na mbili tuko njiani. Saa ya kwanza ni ya kimya. Baada ya hapo kuna rozari kwa wanaoisali, nyimbo, fundisho fupi wakati wa mapumziko, na mazungumzo ya wawiliwawili ambayo hayamo kwenye ratiba yoyote na ndiyo watu wanayoyakumbuka. Kundi likiwa na padre, utamwona amebaki nyuma na mtu mmoja, wote wameinamisha vichwa. Hicho ni kitubio, usiwakaribie. Misa au ibada huwa jioni, au adhuhuri kama kuna kanisa njiani.

Mbele anatembea mbeba msalaba. Watu hupokezana, na wengi huona haya kuomba zamu yao. Omba. Ni mti mwepesi kuliko unavyoonekana kwa nusu saa ya kwanza.

Barabarani tunatembea kwa mstari, koti za kuakisi mwanga mbele na nyuma, na wasimamizi wa barabara ndio wanaoamua lini tuvuke, hata kama wimbo uko kwenye kiitikio.

Mnahakikishaje hakuna anayepotea?

Tunahesabu. Wakati wa kuondoka, kila baada ya mapumziko, na wakati wa kufika. Wapo wanaoona ni kama wamerudi shule ya msingi. Tunawakumbusha kwamba Maria na Yosefu walitembea siku nzima wakidhani kijana wao wa miaka 12 yumo kwenye msafara, naye alikuwa amebaki Yerusalemu. Iliwachukua siku tatu kumpata.

Nikishindwa njiani?

Kuna gari. Panda.

Jibu fupi hilo halijawahi kumtosheleza mtu, kwa hiyo niongeze. Mwaka mmoja nilipanda mimi, tena nikiwa miongoni mwa viongozi, kwa sababu ya kifundo kilichovimba kama embe. Nilikaa mbele karibu na dereva nikiwa na hasira ya mtu aliyeibiwa. Kwenye mapumziko nilishuka kugawa maji, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine, na ndipo nikaona nyuso zao kwa mara ya kwanza. Nilipokuwa nikitembea nilikuwa naona migongo tu. Kesho yake nilitembea kilomita sita za mwisho. Hakuna aliyenihesabia nilizokosa.

Homa, maumivu ya kifua, kizunguzungu, mguu unaouma zaidi kila hatua: hivyo si majaribu ya imani, ni sababu za kupanda gari. Na mhudumu wa afya akisema panda, kiongozi wa kiroho hana rufaa.

Je, ni lazima kuteseka? Nimesikia wengine hutembea pekupeku.

Wapo, na ni desturi ya kale ya toba. Hatuikatazi kwa mwendo mfupi wa mwisho, mbele ya kanisa. Kwa siku nzima, hapana. Njia ina mateso yake ya kutosha, hayahitaji kuongezewa. Tena mara nyingi anayetafuta maumivu makubwa ndiye anayekwepa yale madogo: kumvumilia jirani anayeimba nje ya ufunguo tangu jana.

Mimi si wa dhehebu lenu. Au sina hakika kama bado naamini.

Karibu. Marekebisho ya Kanisa yaliyozaa Uprotestanti yalizikosoa hija vikali, hasa pale zilipogeuka biashara ya kununua wokovu, na ukosoaji ule ulikuwa na haki yake. Martin Luther mwenyewe alikwenda Roma akiwa mtawa kijana, safari ya mwanzoni mwa miaka ya 1510, na hakuyapenda aliyoyaona. Hata hivyo leo Wakatoliki na Waprotestanti hutembea pamoja njia ya Mtakatifu Olav kutoka Oslo hadi Trondheim huko Norway, kama kilomita 640, na kanisa kuu wanalofikia ni la Kilutheri.

Kwenye kundi letu utasali unachoweza na kunyamaza usipoweza. Komunyo ina taratibu zake, kiongozi atazieleza mapema bila kumwaibisha yeyote. Kuhusu imani iliyochoka, sina dawa. Ninajua tu kwamba tumetembea na wengi wa namna hiyo, na hatuwahesabu tofauti.

Watoto na wazee?

Watoto kuanzia miaka 10, pamoja na mzazi, si na "jirani atakayemwangalia". Wazee hatuna kikomo. Wanaotuangusha mara nyingi ni vijana wa miaka 25 wanaokimbia siku ya kwanza.

Nitapewa cheti?

Inategemea njia. Santiago wana pasi ya hujaji inayogongwa mihuri njiani, angalau miwili kwa siku, na anayetembea angalau kilomita 100 hadi kufika Santiago hupewa hati iitwayo *Compostela*. Kwa baiskeli ni 200. Ndiyo maana watu wengi mno huanzia Sarria, mji ulioko kilomita kama 115 kabla ya kufika. Kundi letu halitoi cheti. Aliyewahi kudai kimoja tulimwandikia nyuma ya karatasi ya ratiba, na nasikia amekitundika.

Simu?

Iwe na chaji, iwe kimya, iwe begini. Piga picha kwenye mapumziko. Anayetembea huku akijirekodi hujikwaa, na humkwaza aliye nyuma yake.

Ni kweli watu hugombana?

Siku ya tatu. Weka alama kwenye kalenda. Ile furaha ya kuanza imekwisha, mwisho bado hauonekani, na mtu amechukua sehemu ya mtu ya kulala. Tumeona wazee wa kanisa wakinuniana kwa sababu ya ndoo. Tunachofanya ni kidogo: jioni hiyo tunakula mapema, tunaimba kidogo, tunalala, na kabla ya kulala kila mtu humwombea kwa jina aliyemkera, kimoyomoyo. Kwa kawaida asubuhi ndoo haikumbukwi. Ikikumbukwa, wawili hao tunawapa msalaba waubebe zamu moja.

Tukifika tunafanya nini? Na tunarudije?

Mita mia chache kabla ya kanisa tunasimama na kusubiri hadi wa mwisho afike, kisha yeye ndiye anayetangulia kuingia. Kundi zima hupita nyuma yake. Kuna Misa au ibada, karatasi za nia huwekwa kwenye kikapu mbele ya altare, halafu kila mtu hupewa saa mbili za kukaa, kulala kwenye benchi, au kutafuta maji ya moto ya kuloweka miguu.

Kurudi ni kwa basi, siku hiyo hiyo au kesho yake. Kaa dirishani ukipata nafasi. Njia mliyoitembea siku tano itapita kwa muda wa saa mbili hivi, na utasikia watu wakiitana, pale ndipo ulipoanguka, ule ndio mti tuliolia chini yake, huku nusu ya basi ikikoroma. Ukishafika nyumbani, toa soksi begini kabla hujafanya jambo lingine lolote.